Mkebe wa Mzee Wambura

Kabla sijafika kwenye mwaka ninaotaka kuusema, nianze na mzee mmoja wa Nyangoto ambaye hahusiki kabisa. Nilikuwa kijana, sijaoa, nachimba dhahabu kule kwa sururu na karai, na katika shimo letu alikuwapo mzee tuliyemwita Kisiki, kwa sababu akishakaa mahali hang'oki. Vumbi lake la dhahabu alilitia katika mkebe wa tumbaku. Wakati wa kupumzika mchana alijilaza na mkebe chini ya shavu, akiamka ana alama ya duara usoni kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Sisi vijana tulimcheka sana. Siku moja nikamwomba autikise nisikie utajiri unavyolia. Akautikisa karibu na sikio langu, kimya. Nikamwambia, "Mzee, humu hamna kitu." Akasema, "Mura, kijana wangu, mkebe uliojaa haulii. Siku utakayousikia unalia, ujue umeanza kuisha." Basi. Mvua za mwaka huo zilifukia mashimo, kila mtu akashika njia yake, na Kisiki sikumwona tena. Wala sijui jina alilopewa na baba yake.

Nimemkumbuka mwezi uliopita, siku ya tatu baada ya kumzika mke wangu Bhoke. Binti zetu walikuwa chumbani mwake wanagawana vitu, vitenge huku, sufuria huku, kibuyu cha maziwa kikagombaniwa mpaka nikakohoa. Yule mdogo akatoa mvunguni mkebe wa bati, rangi yote imechubuka, ndani mna sindano na vifungo. Akautikisa, ukalia. Nikasema, "Huo nileteeni mimi." Wakatazamana. Nilijua wanawaza nini: baba kachanganyikiwa, anaacha blanketi jipya anachukua vifungo. Sikuwaeleza. Msibani mtu haelezi mambo marefu, watu wanataka kula waende. Lakini mkebe ule haukununuliwa na mama yao wala na mimi. Uliachwa juu ya jiwe na baba yake Bhoke, mkwe wangu Mzee Wambura, mwaka uliofuata ule tulipohamishiwa kwenye mistari.

Vijana wa sasa hawajui mistari. Zamani kila mtu alijenga alikopenda, jirani yako unamjua kwa moshi wake. Ujamaa ulipofika upande wetu wa Mbalibali tulihamishwa, tukapimiwa viwanja kwa kamba, nyumba zikapangwa zinatazamana kama watoto wanaocheza rede, barabara katikati. Ukifungua mlango unaona mlango wa mwenzako, na mwenzako anaona umekula nini. Mwaka ule tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, na mlenda, na maziwa ya mgando kwa aliyekuwa na ng'ombe. Ule unga wengine waliusema vibaya. Mimi niliupenda, na hata leo nikisikia harufu inayofanana nao napata njaa ya ujana.

Sasa niseme lililonipata. Kulala kwangu kulikatikia Ikoma, miaka sita kabla ya mistari. Nilikuwa kibarua wa kufyeka njia karibu na lango la hifadhi. Nyati alimuua mwenzangu mchana kweupe, mimi nikiwa juu ya mgunga, na nyati hakuondoka upesi. Nilikaa mtini mpaka jua likaelekea kuzama, nasikia kila kitu. Sitasema zaidi. Tangu siku hiyo nikifumba macho nipo mtini. Nikaenda hospitali moja ya mbali, nikapewa vidonge vidogo vya kutuliza, vya wiki mbili. Huenda waliniambia wiki mbili zikiisha niache. Huenda nilisikia. Lakini mtu aliyelala usingizi baada ya miezi mitatu ya kukodoa macho, unamwambiaje aache? Wiki mbili zikawa mwaka, mwaka ukawa sita. Nilivipata huku na huku, vingine kwa mchuuzi aliyetokea upande wa Sirari na begi lake. Kidonge kimoja asubuhi, viwili jioni. Bhoke nilimwambia ni dawa ya mgongo.

Tulipohamishwa, mchuuzi wangu hakujua nilikohamia, na vidonge vikaisha. Siku ya pili mwanga wa jua ulinichoma kama pilipili. Siku ya tatu nikahisi siafu chini ya ngozi, mtoto akiangusha kijiko naruka. Siku ya tano tulikuwa tunavuta kamba ya kupimia viwanja, watu wote wapo, na Mzee Wambura naye yupo, amekuja kutoka milima ya Tarime kuona binti yake kahamishiwa wapi. Ninachokumbuka ni kamba mkononi. Walichoniambia baadaye ni kwamba nilianguka, nikakakamaa, nikatupa miguu, nikauma ulimi mpaka damu.

Kwa mtu kuanguka vile kulikuwa na jina moja tu: kifafa. Na kwetu baba hamwachi binti yake kwa mwenye kifafa kama alifichwa wakati wa posa. Mzee Wambura hakuniambia lolote, kwa sababu haiwezekani. Kwetu mkwe ni heshima kubwa. Humtazami usoni, huketi naye kiti kimoja, hali kwako, hulali kwake, hubishani naye, humwombi kitu. Akiwa na neno kwako analipitisha kwa mtu mwingine, na kama hapana mtu, hata kwa mnyama. Yeye alikuwa na mbwa wake, anaitwa Askari. Nikiwa nimelala mkekani ulimi umevimba, nilimsikia nje anamwambia mbwa kwa sauti ya kufika ndani:

"Askari, sisi hatuendi nyumbani. Tutakaa hapa ng'ambo ya barabara mpaka ulezi uvunwe mara mbili. Mtu wa nyumba hii akianguka tena, tunamchukua Bhoke, ng'ombe wake wa mahari wapo, tutamrudishia. Watoto ni wake, abaki nao. Asipoanguka, tutaondoka. Umesikia?"

Mbwa alipiga miayo. Mimi nilikuwa nimesikia.

Akahamia kwa Marwa, mtu wa rika langu, ambaye mlango wake ulitazamana na wangu. Kila asubuhi anatoa kigoda, anaketi chini ya upenu, blanketi begani, mbwa miguuni, ananitazama huku akijifanya anatazama barabara. Isingekuwa mistari, angekaa wapi? Zamani angekaa kilima cha pili asingeniona.

Bhoke ndiye aliyenipeleka zahanati. Ilikuwa chumba kimoja kinachonuka spiriti, meza imewekewa tofali mahali pa mguu, benchi moja, na kwenye ukuta picha ya mama ananyonyesha ambayo mchwa walikuwa wamemla miguu. Mganga alikuwa Salumu, mtu wa Tanga, mwembamba, kofia yake ya kiua haikosi kichwani, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuone aibu kufungua mdomo. Alinitazama ulimi, akaniuliza maswali ya kifafa. Akasema, "Ndugu yangu, unakunywa nini?"

Nikasema sinywi.

"Sikuulizi pombe."

Bhoke akanitazama. Nikasema yote, mchuuzi, begi, asubuhi kimoja, jioni viwili, miaka sita. Nilipomaliza Bhoke alisema neno moja tu: "Mgongo!" Akacheka kicheko kibaya.

Nikamwambia Salumu, basi nimeshaviacha, siku ya sita leo, sivitaki tena. Nilidhani atanisifu. Akagonga meza, tofali likatoka. "Kuviacha hivyo ndiko kulikokuangusha! Mwili wako umejengewa nguzo miaka sita, wewe unaing'oa kwa siku moja, paa liende wapi? Mara ya pili huenda usiamke." Akafungua kabati akanipa kidonge pale pale. Akasema atamwandikia daktari aliyemfundisha amwulize hesabu ya kushuka, na mpaka jibu lije nirudi kwenye vitatu vyangu, nisizidishe, nisipunguze, na pombe nisiiguse hata ya kuonja, maana viwili hivyo vikikutana vinamlaza mtu moja kwa moja.

Jibu lilikuja baada ya majuma mengi. Salumu alilisoma akiwa amesimama. Tutapunguza robo ya kidonge, tukae hapo wiki tatu mwili uzoee, halafu robo nyingine. Nikitetemeka sana, tunasimama tulipo mpaka kutulie. Huko mwisho tutapunguza nusu ya robo, kwa sababu hatua za mwisho ndizo ngumu. Nikauliza itachukua muda gani. "Mwaka, au zaidi."

"Lakini," akasema, "vidonge nitavitia katika mkebe, na mkebe usikae kwako. Utavila siku ya kwanza mbaya." Akamtazama Bhoke. Bhoke akatikisa kichwa. "Mimi akinililia nitampa. Nisipompa atanipiga." Nilikuwa nimempiga mara mbili miaka hiyo. Nalisema kwa kuwa hayupo wa kulisema. Salumu akaegemea ukuta, akauliza, "Katika kijiji hiki kizima, ni nani ambaye huwezi kumwomba kitu?"

Bhoke aliziba mdomo, lakini kicheko kilishamtoka. Akaelekeza dirishani kwa midomo. Kule barabarani Mzee Wambura alikuwa amesimama na mbwa wake, anangoja kuona nitatoka kwa miguu au kwa kubebwa.

"Yule?"

"Daktari," nikasema, "afadhali uniue."

"Basi ni yule."

Salumu hakuzijua desturi zetu vizuri. Alimwita mzee ndani, akamkaribisha benchi nililokalia mimi. Mzee akasimama mlangoni, akajifunika blanketi mpaka usoni. Mimi nikageukia ukutani nikawa natazama miguu iliyoliwa na mchwa. Bhoke kati yetu anatafsiri Kiswahili cha Tanga kwa Kikurya na aibu yetu kwa kicheko. Mwisho mzee akauliza, kwa Bhoke, ni nani atakayekata hivyo vidonge. Salumu akasema atakata yeye kwa wembe. Mzee akamwambia mbwa, "Askari, mwambie mtu huyu kwamba kukata nitakata mimi."

Na kweli, nani angemzidi? Mzee Wambura alikuwa ngariba. Nusu ya wanaume wa milima ile walipita chini ya kisu chake, Marwa mmojawapo. Jioni ile Marwa alikuwa anapita mlango kwa mlango anasema, "Mkono ule ulinikata mimi haukutikisika, na nilikuwa nautazama! Utashindwa na kidonge?" Watu wakacheka, na siri yangu ikawa mali ya kijiji. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa. Kwenye mistari aibu ya mtu inadumu mpaka ya jirani itokee.

Ikawa hivi. Katikati ya barabara palikuwa na jiwe ambalo wapimaji walishindwa kulitoa. Asubuhi na jioni mzee anakata, anaweka kipande changu juu ya jani la mgomba, jani juu ya jiwe, anarudi upenuni, anageuza uso. Mimi natoka, nachukua, nameza kwa maziwa, naingia. Hatukutazamana hata siku moja. Bhoke alisema tunafanana na kuku wawili wanaoogopana. Kabla ya kukata alikuwa anautikisa mkebe. Mwanzo wa mwezi Salumu anapoujaza, haulii. Kadiri siku zinavyokwenda unalia zaidi, na kila mwezi ulijazwa kidogo kuliko uliopita. Nilijifunza kuusikia nikiwa ndani na ugali mkononi. Chuku, chuku. Nikamkumbuka Kisiki na kuogopa.

Robo za kwanza zilipita vizuri. Nililala vibaya, nikaota nyati, lakini nililima. Marwa na wenzake wa rika walinifuata na chungu cha pombe ya ulezi, mirija mirefu, wakasema hii ndiyo dawa ya usingizi ya babu zetu. Kukataa chungu cha rika ni matusi. Nikaweka mdomo kwenye mrija nisivute. Marwa akanong'ona, "Mura, wewe unapuliza filimbi?" Lakini hakunitangaza. Toka siku hiyo mrija wangu ulipopita miguuni pake aliukanyaga kwa siri pombe isipite, na mimi nikawa navuta hewa kwa bidii. Huyo ndiye Marwa. Alikopa jembe langu mwaka huo hajalirudisha mpaka anakufa.

Tulipofika kidonge kimoja na nusu, mambo yakaharibika. Ndani ya siku chache siafu walirudi chini ya ngozi. Jasho, mikono inacheza, chakula kinanuka chuma. Nililia mbele ya watoto kwa sababu ya kibuyu kilichopasuka. Nilijiambia ndiyo hali yenyewe, nivumilie. Siku ya sita mchana nilikuwa kizingitini, kamba za kitanda mkononi nafuma, nikasikia kile kitu cha siku ya kamba ya viwanja kinakuja, mwanga unasogea pembeni mwa macho. Nikasimama. Nikavuka barabara.

Hapa msomaji asiye wa kwetu hataelewa vizuri, lakini niamini: kama ningevuka uchi ingekuwa nafuu. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi. Bhoke aliniita kwa jina langu, "Mwita! Mwita!" Nilisimama mbele ya kigoda cha mkwe wangu, nikasema naye kwa mdomo wangu. "Baba, nipe. Nakuomba. Nipe kimoja tu."

Alivuta blanketi usoni, akainua kigoda, akakigeuza, akanipa mgongo. Mkebe ulikuwa mapajani, nausikia unalia, na nikaelewa kwamba unalia kwa sababu mikono yake inatetemeka. Mikono ile. Akaanza kusema na mbwa.

"Askari, mimi nilipokuwa nikikata vijana nilikata mara moja. Anayekata polepole ni mwoga, anamtesa mtu. Nimewaona hawa wanapunguza robo, robo, kama wanakwangua chungu. Nikasema nitamsaidia mtu huyu amalize upesi, nami nirudi kwa ng'ombe zangu. Nimekata nusu mahali pa robo. Nimefanya hivyo mara mbili. Huyu mwenye zahanati hajui."

Mbwa alinitazama mimi.

"Askari, kuna mtu amevuka barabara. Hatukumwona. Mwambie mimi nami silali. Kuna mvulana mmoja nilimkata, damu ikakataa kusimama. Toka hapo niliweka kisu chini, na silali, huu ni mwaka wa tisa. Lakini usiku hauui mtu, Askari. Ni mrefu tu. Mwambie akae chini kabla hajaanguka."

Nikakaa, pale pale kwenye vumbi, mgongo wangu umeelekea mgongo wake, mbwa katikati. Bhoke alikimbilia Salumu. Alipofika na kuelezwa, mtu wa Tanga yule mpole alipandisha sauti mpaka kofia ikakaa upande. Halafu akakumbuka mahali alipo, akachuchumaa mbele ya mbwa. "Askari, mwambie mzee kidonge si govi! Govi ukilikata limekwisha. Huku tunamwachisha mtu kama mnavyomwachisha ndama. Mnamtoa ndama ziwani siku moja?"

Mzee akamjibu mbwa, "Hatumtoi siku moja. Tunamwachia chuchu mbili, halafu moja."

"Haya!"

"Angelisema hivyo tangu mwanzo."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya kinu. Salumu alinirudisha kidogo juu, mahali nilipokuwa kabla mzee hajaharakisha, tukatulia hapo mwezi mzima. Kesho yake jani lilipowekwa juu ya jiwe nilitazama kipande kile, robo iliyokatwa sawasawa kama kwa mashine, na hakikupungua hata unga mpaka Salumu aliposema.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa utamu. Ajabu, si kwamba niliona raha, nililala saa tatu, saa nne, mwili ulikuwa unauma. Lakini kila jioni nilitoa ngozi yangu ya kukalia nikaketi kizingitini, yeye amekaa upenuni kwake, na tukasema mambo mengi kwa mbwa. Mimi nilimsimulia Askari habari ya nyati, yote, hata niliyokataa kuyasema hapo juu. Yeye alimsimulia Askari habari ya yule mvulana. Mbwa alinenepa, kila nyumba inamtupia ugali. Tulifika nusu, tukafika robo, tukafika kipande ambacho ukikohoa kinapotea, na mzee alikikata akiwa ameshikilia pumzi. Siku ya mwisho ya yote jani lilikuwa na chembe moja. Niliimeza bila maziwa.

Nilidhani ataondoka kesho yake. Hakuondoka. Alikuwa amesema mpaka ulezi uvunwe mara mbili, na wa pili ulikuwa bado kijani. Akaendelea kukaa, mkebe mtupu mapajani, kwa mazoea anautikisa jioni. Wanasema debe tupu ndilo lenye kelele. Si kweli. Lenye kelele ni lile lililobakiwa na kidogo. Likiisha kabisa linanyamaza, kama lililojaa.

Ulezi ulivunwa. Asubuhi moja nilikuwa kizingitini na uji. Nilikuwa nimelala usingizi wa mtu, ule wa kuamka hujui siku gani. Mzee Wambura akatoka, akakichukua kigoda chake kama mtu anayekwenda kukaa mahali pengine penye kivuli. Akafika kwenye jiwe, akaweka mkebe juu yake. Bhoke alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake shingoni. Baba yake hakumuaga, hakumwita. Alimwambia mbwa, "Askari, twende. Hapa hapana mtu wa kuanguka."

Nilitaka kusema kitu. Nilisimama na bakuli mkononi, na heshima ikanishika mdomo, ile ile iliyoniponya. Akashika barabara katikati ya mistari, kigoda begani, blanketi linaburura kidogo upande mmoja, mbwa mbele. Hakugeuka. Alipita zahanati, akapita nyumba ya mwisho, akaingia kwenye nyasi, na mlangoni kwangu hakurudi tena.